Bi Sanura Aitikia Hodi

"Mimi kwa kunyamaza, hapa duniani sijaona wa kunifikia," alisema Bi Sanura. Alimwambia hivyo jirani yake, Bi Hidaya, kupitia dirishani. Akamwambia muuza maziwa. Akamwambia mwanamke aliyekuwa akijipitia na ndoo yake kichwani, wala hawajuani, na alipokosa mtu akamwambia paka. Wote aliwahadithia jinsi alivyowahi kumnunia marehemu mumewe kutwa nzima bila kutoa neno, ila mara moja tu, hapo alimwuliza kidogo kama ameona anavyojua kunyamaza.

Msimcheke sana. Alijisifu kwa sababu alikuwa anaogopa, na katika Nchi ya Waraka kila mtu aliogopa kitu hicho hicho kimoja: ulimi wake mwenyewe.

Nchi hiyo haina jina jingine. Ukiuliza iko wapi utaambiwa iko hapo uliposimama. Jua lake lilikuwa limeganda saa nne ya asubuhi, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Watoto walizaliwa saa nne, wazee wakazikwa saa nne, na chai haikuacha kuwa chai ya asubuhi. Katikati ya mji kulikuwa na Waraka. Ulikuwa umelazwa ndani ya kioo kinene, na humo, kwa maandishi membamba kama nyayo za sisimizi, mlikuwa mmeandikwa yote ambayo mwenye nguvu hana ruhusa ya kumfanyia asiye na nguvu. Asiingie nyumbani kwake bila idhini. Asimlazimishe kujisema. Asimfunge kabla hajasikilizwa na watu wa kawaida kama yeye. Asimwache asimame mbele ya hakimu bila wakili. Maneno mazuri, wallahi. Bi Sanura, ambaye shule aliiacha darasa la nne, aliyasoma kwa kidole juu ya kioo, herufi baada ya herufi, na alipofika mwisho wa mstari wa kwanza alilia kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nyumba aliyoiota utotoni. Alitaka kuyagusa. Haikuwezekana. Kioo kiliwekwa ili maneno yasichafuke kwa mikono ya watu, na hakuna aliyeuliza maneno yasiyoguswa na mikono ya watu yanamfaa nani.

Na kioo kile kilikuwa na ufa.

Ufa ulianzia pembeni, chini, mwembamba kama unywele, ukapanda taratibu hadi juu ya neno "kila". Bi Sanura aliuona siku ile ile ya kwanza. Bi Hidaya naye aliuona. Muuza maziwa aliuona, walinzi waliuona, mahakimu walipita wakauona, wakatengeneza tai zao kwa kujitazama humo humo kwenye kioo chenye ufa. Hakuna aliyesema. Ungesema ungeulizwa umejuaje.

Aliyekosea katika nchi ile alipelekwa Jumba la Nondo. Nje jua halikusogea, lakini humo ndani, wanasema, wakati wote wa nchi ulikuwa umekusanywa kama maji ya mvua kwenye pipa, na waliofungwa walikuwa wakiunywa. Mjukuu wa Bi Hidaya aliingia humo ndevu hazijamwota. Alitoka asubuhi ile ile, uji aliouacha mezani haujapoa, naye kichwa cheupe, mgongo umepinda, meno hana. Alimtazama bibi yake akamwita binti. Bi Hidaya alimwandalia uji kwa sababu hakujua la kufanya jingine. Kisha akafunga dirisha, na hata alipolifungua tena, nyumbani kwake hapakusikika mtu akicheka.

Basi Bi Sanura alikuwa na mwana mmoja tu, Kibwana. Mrefu, mpole, mikono mikubwa. Kibwana alikuwa bubu. Masikio anayo, tena makali, husikia mpaka mchwa akila mlango. Ila sauti hakuzaliwa nayo. Alipotoka tumboni alifungua mdomo, wakunga wakangoja, hapakutoka kitu. Mama yake akalia kwa niaba yake. Tangu hapo kazi ya kusema ndani ya nyumba ile aliifanya mtu mmoja kwa ajili ya wawili, na huenda ndiyo sababu ya huyu mama kuwa na mdomo usiopumzika. Kibwana alisema kwa mikono. Kidole kifuani: mimi. Kiganja shavuni: mama. Ngumi juu ya ngumi: njaa.

Kila siku, kama tunaweza kuita siku, Kibwana alikwenda kwenye Waraka akasimama akausoma. Asubuhi hii alirudi mbio. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinachuruzika damu. Alimweleza mama yake kwa mikono: watu walikuwa wamejipanga kutazama, na yeye akauonyesha ufa. Hivi. Akaweka kidole juu yake, wapate kuona. Ufa ukamkata. Na wote waliokuwa hawaoni wakaona kwa pamoja, lakini walichokiona si ufa. Walimwona yeye.

"Mwanangu we! Umeugusa ufa?" Bi Sanura akachana pindo la kanga yake akamfunga kidole. "Mbona hukuniuliza mimi? Mimi nimeuona ule ufa tangu zamani, mbona nimenyamaza? Sikukwambia mimi kwa kunyamaza…"

"Hodi!"

Sauti ya mlangoni ilikuwa tamu. Haikuwa ya ukali hata kidogo. Ilikuwa sauti ya jirani anayerudisha kawa la kufunikia chakula, ya shangazi aliyekuja na mzigo wa muhogo, ya mtu ambaye ukichelewa kumfungulia utajilaumu.

"Karibu!" akasema Bi Sanura.

Akasema kabla hajajua kama anasema. Mdomo ulisema wenyewe, kama jicho linavyojifumba lijiwapo na vumbi. Alipojaribu kulishika lile neno lilikuwa limeshafika mlangoni, limeshawashika mkono wageni, limeshawaingiza. Kibwana akageuka akamtazama mama yake. Mkono wake wenye kitambaa ulikuwa hewani, katikati ya sentensi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pa kuogopa. Wale waliotunga Waraka hawakuwa watu wa hodi. Kwao mtu aligonga, na mwenye nyumba akikaa kimya mlango ulibaki mlango. Wakaandika idhini, wakaona wamemaliza. Ila askari wa nchi ile walikuwa na chuo, na chuoni kulikuwa na somo la adabu, gumu kuliko somo la bunduki. Walifundishwa hodi ya pwani na hodi ya bara. Walifundishwa kuikohoza kidogo mwishoni. Walijua kuwa wako watu ambao ukiwatishia watakufa na funguo mkononi, lakini ukiwabishia hodi kwa upole watakukaribisha mpaka chumbani, watakuwekea na maji ya kunawa.

Waliingia askari wanne. Viatu walivivua mlangoni, wakavipanga vizuri, visigino ukutani. Hicho ndicho kilichomkata maini Bi Sanura. Angewaona na viatu vyao vya matope angejua awachukie vipi. Lakini watu waliokuja kumchukua mwanawe walikuwa wamevaa soksi.

"Sijawaruhusu," alisema.

"Umesema karibu, mama. Tumesikia sote."

"Ile ni karibu ya kuitikia tu, jamani! Mtu akipiga hodi utamwacha mlangoni kama mbuzi?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mama," alisema mkubwa wao, mwanamume mwenye uso laini ambao ulikuwa haukai vizuri kichwani, kama kofia ya kuazima. Jina lake Inspekta Chande. "Hakuna aliyekulazimisha. Ungeweza kunyamaza."

Kisha akamtazama Kibwana, akatazama kidole, akauliza kwa sauti ile ile ya kurudisha kawa: "Na huyu ni nani?"

Akili ya Bi Sanura ilikimbia kama kuku anayefukuzwa uani. Nikisema mwanangu watasema nimemficha. Nikisema mwanangu wataniuliza alikuwa wapi, nami nitajibu, najijua nitajibu. Nikisema simjui, basi simjui, hakuna la kuniuliza, nimekuwa ukuta.

"Mpita njia," akasema. "Kaja kuomba maji. Kidole nimemfunga kwa huruma tu. Simjui."

Alitazama chini. Lakini alijua kwamba Kibwana amesikia, kwa kuwa Kibwana husikia yote. Alipoinua macho alimwona mwanawe anamtazama kama unavyomtazama mwanamke wa mtu aliyekupa kata ya maji: kwa shukrani kidogo, bila mazoea. Alikuwa ameukubali upita njia wake. Aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mgeni anayeaga. Bi Sanura aliona kitu kinamchanika ndani kuliko pindo la kanga.

Inspekta akawasomea wote wawili haki zao. Alizisoma kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Una haki ya kunyamaza. Lolote utakalosema litakutafuta. Una haki ya wakili, na kama huna, utapewa. Anayetaka kunyamaza aseme kwa sauti, isikike, kwamba amechagua kunyamaza. Asiyesema hivyo, kimya chake si haki, ni kiburi.

"Umechagua?" alimwuliza Kibwana.

Kibwana akagusa koo lake. Akatikisa kichwa. Akainua mkono aeleze.

"Andika," Inspekta akamwambia askari. "Amewanyanyulia askari mkono."

Neno moja. Bi Sanura alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, neno dogo la herufi nne, bubu, lingetosha. Lakini angejuaje? Mpita njia aliyekuja kuomba maji, ameyaombaje? Na umejuaje kuwa hana sauti, si kwamba amechoka tu, au ana haya? Akalimeza. Lilimshuka kooni kama jiwe la kinu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Bi Sanura alinyamaza kweli, na hapakuwa na mtu wa kujisifia.

*

Chumba walichomweka Bi Sanura hakikuwa na dirisha, lakini saa nne ya asubuhi ilikuwamo humo humo, imebanwa kwenye kuta nyeupe. Ukutani palikuwa na sikio la chuma, kubwa kama ungo. Lilikuwa limetulia. Bi Sanura alipokohoa likacheza kidogo.

Kimya ni nini? aliwaza. Niliposoma ule mstari nilidhani kimya ni chumba cha ndani, mtu unaingia unafunga, hata mfalme atakaa barazani. Lakini mlango wake una komeo la maneno. Sharti useme ndipo ufunge, na ukishasema umeshafungua. Kibwana wangu, mwenye kimya kuliko watu wote wa dunia, mwenye kimya cha kuzaliwa nacho, ambacho hakukiiba wala hakupewa na Waraka, ndiye asiye na haki nacho. Na mimi mwenye maneno gunia zima nina haki ya kunyamaza, ya nini? Ni kama kumpa kipofu miwani na kiwete viatu. Sasa wanamfanyaje? Wanamwuliza. Hajibu. Wanamwuliza tena. Hajibu. Nani atajua kuwa hawezi? Nani humu anajua isipokuwa mimi? Na mimi simjui. Ni mpita njia. Maji. Kata ya maji. Alikunywa? Ndiyo, alikunywa. Hapana, hakunywa. Sanura, nyamaza. Sijasema kitu. Unawaza kwa sauti. Sikio limecheza. Halijacheza. Limecheza.

Mlango ukafunguka, akaingia askari amebeba koti jeusi kwenye kitundikio. Akalivisha kiti kilichokuwa karibu na Bi Sanura, akalifuta vumbi mabegani.

"Wakili wako," akasema.

"Hili ni koti lake. Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Ana watu wengi, mama. Yeye mwenyewe hagawanyiki. Kwako limefika koti, shukuru. Chumba cha pili wamepata soksi."

Askari akatoka. Bi Sanura akalitazama koti. Lilikuwa limekaa vizuri, mkono mmoja juu ya meza, kama mtu anayesikiliza.

"Shikamoo wakili," alisema kwa sauti ya chini, maana hakujua umri wake. Koti halikuitikia. Akaingiza mkono mfukoni mwake, akakuta nusu ya andazi lililokauka na kalamu isiyo na wino. Harufu yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. Akalihurumia. Akalirudishia andazi lake.

"Niambie tu jambo moja," alilinong'oneza. "Nikisema kweli ninamwokoa, au nampeleka?"

Mkono wa koti ukateleza mezani ukaning'inia.

Ndipo Inspekta Chande akaingia. Lakini aliyeingia alikuwa kijana, huyo huyo, uso ule ule wa kuazima, ila mashavu yamejaa na macho yana haya, kijana wa kutumwa chumvi na kurudi na chenji yote. Akasimama mlangoni, akashika mikono kwa adabu, akainama.

"Shikamoo, bibi."

Bi Sanura akabana midomo.

Mnajua shikamoo inavyongoja? Inakaa hewani kama mkono ulionyooshwa. Kijana wa watu ameinama, hainuki mpaka umwinue. Alikuwa anajua kabisa ni mtego. Alikuwa analiona sikio la chuma limeinamia upande wake. Akajiambia, huyu ndiye aliyemchukua Kibwana, mwache ainame mpaka mgongo umvunjike. Akahesabu pumzi. Kijana bado ameinama. Shingo yake nyembamba, ina kovu dogo nyuma ya sikio kama kovu la Kibwana alipoanguka kisimani.  Bi Sanura alilelewa na watu, aliwahi kuitwa na mama yake kwa kuacha kuitikia salamu ya mchuuzi, akachapwa kwa hilo, alijua kwamba mtu asiyeitikia shikamoo ni maiti au ni mnyama.

"Marahaba," ikamtoka, kama pumzi.

Sikio likacheza ukutani. Kijana akainuka, na alipoinuka alikuwa mtu mzima.

"Basi umeamua kuzungumza," alisema, akavuta kiti. "Ahsante, mama."

"Nimeitikia salamu!"

"Ukiitikia salamu umezungumza. Na aliyezungumza ameiacha haki yake mwenyewe, hakunyang'anywa. Si ndivyo, wakili?"

Koti lilinyamaza. Kunyamaza kwake kulihesabiwa.

"Sasa nisikilize," aliendelea Inspekta. Kila aliposema sentensi, mvi ziliongezeka. "Hatukutaki wewe. Wewe ni mwema, ulimpa maji mpita njia. Tunataka neno moja tu: kwamba alipofika kwako alikuwa na damu na alikuwa na hofu. Ukisema hivyo, viatu vyako viko mlangoni. Usiposema, tutangoja wale watu kumi na wawili wa kawaida kama wewe waje wakusikilize, kama Waraka unavyotaka. Wamekwenda kula. Wamekwenda kula tangu kabla hujazaliwa."

"Simjui," alisema Bi Sanura. "Kama alikuwa na hofu, muulizeni mwenyewe hofu yake."

"Tumemwuliza."

Sasa Inspekta alikuwa mzee. Mzee kabisa, mikono ina madoa, sauti imepasuka. Alikuwa amefanana na marehemu mume wake Bi Sanura, si sura hasa, ila namna ya kuvuta pumzi kabla ya kusema jambo zito. Bi Sanura alijikuta amenyanyuka nusu ya kiti, tayari kumwamkia. Akakaa.

"Alikuwa mkaidi mwanzoni," mzee akasema. "Hakusema lolote. Tukamwonya kuwa kimya chake si halali, hajakitangaza. Akainua mikono, tukaifunga."

"Mmemfunga mikono?"

Ilimtoka kabla hajaiona. Nani awezaye kuelewa maana yake? Kumfunga Kibwana mikono ni kumziba mdomo, kumziba na pua. Akaona vidole vyake mwenyewe vinajikunja juu ya meza, akavificha chini ya kanga, pale palipochanika.

"Kwa usalama wake," alisema mzee. "Na ilimsaidia. Mikono ilipotulia, akaanza kusema."

 

"Akasema," Bi Sanura alirudia.

"Akasema yote. Kwa mdomo wake. Kwamba ni yeye aliyepasua kioo, kwamba alikusudia. Kwamba alikuja kwako kwa kuwa alijua utamficha. Tunampeleka Jumba la Nondo sasa hivi. Alisema vizuri, kwa utaratibu, kama mtu aliyekuwa akiyaweka maneno siku nyingi."

Ningekuwa mimi ningecheka. Wewe pia ungecheka, uliyekaa salama hapo ulipo. Lakini Bi Sanura hakucheka, na hili ndilo jambo ambalo Waraka hauwezi kulilinda, kwa kuwa hakuna aliyelifikiria wakati wa kuuandika. Kwa kitambo kidogo, kifupi kuliko kukonyeza jicho, aliamini. Alitaka kuamini. Alikuwa ameingoja sauti ile tangu wakunga walipotazamana. Ameingoja kwenye homa, kwenye ndoto, kila mara mlango ulipogongwa na Kibwana yuko nje. Ameitungia sauti kichwani mara nyembamba, mara nzito, amembadilishia kila alipokua kama anavyombadilishia kanzu. Sasa mtu anakaa mbele yake, mtu mzima mwenye mvi, anamwambia ameisikia. Ya nini kesi, ya nini Jumba, ya nini kioo? Kuna mtu ameisikia, na si yeye.

"Sauti yake ikoje?" aliuliza.

Inspekta Chande hakujitayarisha kwa swali hilo. Uso ulimteleza kidogo kichwani. Akaushika.

"Nzito," akasema. "Nzito, ya kiume. Na mwishoni ililegea. Alikutaja. Alisema, mwambieni yule mama anisamehe."

Hapo Bi Sanura akazinduka. Yule mama! Kibwana, kama angepewa sauti kwa dakika moja ya maisha yake, asingeipoteza kwa "yule mama". Hasira ilimpanda kuanzia miguuni, hasira safi, nzuri, iliyomfanya asahau hofu, asahau sikio, asahau koti, na kwa furaha ya kumkamata mwenye nguvu akiwa uchi alisimama akamnyooshea kidole usoni.

"Mwongo! Mzee mzima, huna haya, mwongo! Hajasema lolote! Atasema na nini? Mwanangu ni bubu! Hajatoa neno hata moja tangu nimzae!"

Sikio la chuma lilicheza, likatulia.

Inspekta hakukasirika. Hakuona haya. Alijikuna shavu, na mvi zikaanza kumtoka moja moja, mikunjo ikajinyoosha, akawa tena yule kijana wa kutumwa chumvi.

"Ni kweli nimedanganya," alisema kwa upole. "Mimi naruhusiwa, mama. Waraka haukunikataza. Wewe ndiye huruhusiwi kunidanganya mimi." Akaegemea mbele. "Mwanao, umesema?"

Koti liliteleza kwenye kiti likaanguka sakafuni. Hakuna aliyeliokota.

Bi Sanura alikuwa bado amesimama, kidole bado kiko hewani. Akakishusha taratibu. Akatafuta maneno, yeye ambaye hakuwahi kuyatafuta, akapata machache chini kabisa ya gunia. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kusikitisha, la mtu anayeshika kamba iliyokwisha kukatika.

"Ah, mwanangu," alisema, "sisi kwetu ndivyo tunavyoita. Kijana yeyote ni mwanangu. Mpita njia ni mwanangu. Hata muuza maziwa. Hata wewe hapo ulipo, Inspekta, ni mwanangu."

Kijana akainama mbele yake kwa adabu, mikono ameishika pamoja, shingo nyembamba, kovu nyuma ya sikio.

"Nami pia," akauliza, "ulinizaa?"